Wageni Wamejaa Ukumbini na Mchumba Wangu Anataka Niubomoe

Mpendwa Hajati Rukiah,

Naomba msaada wako, ingawa hata sijui kama nililo nalo ni tatizo au ni sherehe, maana nimetengeneza kitu ambacho watu wamekipenda kuliko nilivyotarajia na kitu hichohicho sasa kinataka kunikosesha mume, na kila nikikaa chini nilie najikuta nacheka. Mimi naitwa Lamwaka, taja jina langu tu, sina aibu. Baba yangu ni Sajenti Ongom wa polisi, mtu wa Kitgum, nimezaliwa kambini na nimekulia kambini, na mchana nauza maharage na mchele Kalerwe pamoja na mama yangu mdogo. Muda mwingine wote ni wa kompyuta.

Nina mchumba, Obonyo, Mkenya wa Kisumu anayetengeneza kompyuta kwenye kibanda chake Mengo, mtu wa kanisa, mpole, mchapakazi, anayeniita nyako, yaani msichana, neno ambalo kwao na kwetu ni moja, na ndilo lililonivuta kwake siku nilipompelekea kompyuta yangu iliyokuwa imekufa. Sisi wawili tunapenda ile michezo ambayo watu wengi wanacheza pamoja kila mtu akiwa kwake, mnajenga, mnakimbizana, mnapigana kwa mapanga ya bandia, basi tukachoka kucheza kwenye seva, yaani kompyuta zinazobeba michezo, za watu wa mbali zinazojikokota, tukasema tuanzishe mtandao wetu wa hapahapa Kampala, tukauita Kambi. Obonyo akajenga michezo yenyewe: uwanja wa mapambano wenye mito ya moto na madaraja yanayokatika ukiwa katikati, mapango ya kutafuta hazina, na mbio za farasi, kila mchezo na seva yake. Mimi nikapewa ukumbi.

Labda hujui mambo haya, Hajati, kwa hiyo nieleze. Ukumbi ni seva ya kwanza anapotua kila anayeingia kwenye mtandao. Humo hakuna mchezo, unaona milango, unachagua unapotaka kwenda, unapelekwa. Obonyo aliniambia, "Weka tu room moja na milango mitatu, nyako. Watu hawakuji kukaa hapo."

Nilikubali kwa mdomo. Nikaanza kama inavyofanywa kwenye ukumbi wowote, nikazima mapigano, nikazima njaa, nikazima mvua, jua nikalisimamisha lisizame, nikaweka kwamba mtu akianguka haumii na akipiga ukuta hauvunjiki, halafu mkono ukanogewa nikaanza kuweka mambo ya kwetu. Kambini mgeni haingii peke yake. Anafika getini, askari wa zamu anamuuliza ametoka wapi na mwenyeji wake ni nani, anapewa benchi na maji, mwenyeji anaitwa, na mwenyeji mwenyewe anakuja kumshika mkono na kumwingiza. Baba yangu amesimama kwenye geti hilo tangu nikiwa mdogo na hajawahi kumwacha mgeni asimame juani. Kwangu mimi hivyo ndivyo mtu anavyopokelewa, sijui njia nyingine. Basi nikaandika sheria kwenye ukumbi kwamba mchezaji mpya mlango haumfungukii mpaka mtu aliyekwisha kuingia ndani aje amchukue, nikapanga mabenchi, nikaweka na mtungi wa maji, na Obonyo sikumwambia kitu kwa sababu nilitaka nimshtukize.

Sasa nihurumie, Hajati. Siku ya ufunguzi kila mtu alikuwa mpya! Ndani hakukuwa na hata mtu mmoja wa kuja kuwachukua wenzake. Watu wakaanza kutua, vijana wa kanisani kwa Obonyo, wenzangu tuliokua nao kambini ambao sasa wametawanyika nchi nzima, wauzaji wa Kalerwe, Wakongo ambao sijui nani aliwaita, wote wakajaa ukumbini na milango imefungwa, nami nasoma maneno yao yanavyopita kwenye skrini, "Banange, jamani, nani nakuja kutoa sisi hapa?" na mwingine, "Nnyabo, mama, mimi nagonga mlango, mlango nakataa." Obonyo mwenyewe alikwama, maana sheria yangu haikujua fundi wala mwenye nyumba, akaandika mbele ya wote, "Lamwaka, si unifungulie? Hii ni nini sasa umefanya?" watu wakacheka, nami kwa furaha ya siku ile nikamjibu kwa utani, "Kaa kwenye benchi usubiri mwenyeji wako," wakazidi kucheka, basi hayo yakapita.

Nikawa nahangaika kurekebisha sheria huku jasho linanitoka. Wakati huo msichana mmoja, Vera, Mkenya anayesuka nywele Kawempe, akaandika, "Vile tumekwama, si tusalimiane? Mimi ni Vera, niko Kawempe. Na wewe?" Mmoja akajibu, wa pili akajibu, wa tatu akasema kwao ni jirani na kwa yule wa pili. Askari mmoja aliyepelekwa Karamoja akasema huko amechoka kuongea na mawe, wakamkalisha kwenye benchi wakampa habari zote za mji. Kisha nikaona, "Lamwaka wa Sajenti wa getini?" na kumbe ni Okwir, tuliyecheza naye utotoni tukapotezana baba yake alipohamishwa, nikapiga kelele hata mama yangu mdogo akaja mbio na mwiko mkononi akidhani nimeungua.

Nikamaliza kurekebisha, milango yote ikafunguka. Hawakuingia, Hajati! Nikatangaza kwa herufi kubwa kwamba milango iko wazi, mtu akanijibu, "Webale nnyabo, asante, sisi naona, sisi naongea kidogo." Na kidogo hicho hakijaisha mpaka leo. Kila siku wanarudi na wanaleta wenzao, imebidi niongeze nafasi, na ile sheria nimeiondoa lakini wao wameishika wenyewe, mgeni akitua tu wanamkimbilia, wanamuuliza ametoka wapi, wanamkalisha. Wengine wamekutana humo na sasa wanatembeleana. Napita Kalerwe kichwa juu kama mama wa bwana harusi. Nilijenga kitu na watu wamekikalia!

Lakini michezo ya Obonyo imebaki mitupu. Ule uwanja wake mzuri anaingia peke yake, anatembea juu ya madaraja, anatoka. Amenuna kweli. Aliniambia, "Watu wangu niliwaita wakuje wacheze, wewe umewaweka kwa bench kama wako kwa daktari. Bomoa hiyo kitu uweke room na milango mitatu vile tuliongea. Ukikataa natoa seva zangu zote, na hiyo safari ya kuja kuona mzee wako tuiache kwanza." Hajati, safari hiyo ndiyo ya kujitambulisha kwa baba yangu. Mama ameshawaambia majirani, baba amenyoa ndevu. Obonyo amenipa mpaka Jumamosi. Nikibomoa nawafukuza watu ambao wamepata mahali pa kukaa, na ile ndiyo kazi pekee katika maisha yangu ninayoiangalia nikasema hii ni yangu na ni nzuri, na nisipobomoa nampoteza mwanamume ninayempenda kwa moyo wote. Nifanye nini? Nijibu upesi, mama, siku zinakimbia.

Lamwaka, Kawempe.

*

Hajati Rukiah anajibu:

Binti yangu Lamwaka, wanaoniandikia huwa wanalia. Wewe ni wa kwanza kuniandikia huku ukipiga vigelegele. Basi nikupe pongezi kwanza, fimbo itafuata.

Mimi sijibu jambo nisilolijua. Nilimwita Babra, binti wa ndugu yangu, akanikalisha mbele ya kompyuta yake akanitia kwenye hiyo Kambi yenu. Sijapepesa macho, mtu ameshaniandikia, "Karibu mama, wewe natoka wapi?" Nikasema Bombo. Wakanitafutia benchi. Mmoja akauliza kama Bombo bado tunapika kisra, ule mkate wetu mwembamba wa Kinubi, mwingine akaomba nimwombee dua ya mtihani. Babra akanionyesha mlango wa mbio za farasi, nikamwambia ngoja kwanza, huyu hajamaliza kunieleza habari za mtihani wake. Chai yangu ilipoa nikaisahau. Mimi ni mjane wa mwanajeshi, nimehamishwa kambi hata sizikumbuki zote, na najua uzito wa kufika mahali mtu akakuuliza umetoka wapi kisha akangoja kusikia jibu. Umefanya kazi kubwa. Asikudanganye mtu kwamba ni bahati tu iliyotokana na kosa. Kosa lilifunga milango. Mabenchi uliyapanga wewe.

Sasa fimbo. Rudi kwenye barua yako pale ulipoandika "basi hayo yakapita." Hayakupita hata kidogo! Unadhani Obonyo analilia uwanja mtupu. Uwanja mtupu unauma, sikatai, lakini kilichomchoma ni kingine, nawe umekiruka kama mtu anayeruka dimbwi. Huyo mwanamume alisimama mbele ya mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe, mbele ya vijana wa kanisa lake aliowaalika kwa majivuno, akakuomba wewe, mchumba wake, umfungulie, nawe ukamwambia akae kwenye benchi. Ni Mkenya, anaishi mji wa watu, bila shaka ameshachoka kuulizwa atarudi kwao lini. Ukamfanya mgeni hata kwenye kitu chake. Na ukacheka! Wewe, binti wa askari wa geti, unayejua kuliko sisi wote kwamba mgeni haachwi asimame, mtu wako mwenyewe ulimwacha. Halafu unashangaa amenuna.

Na wewe Obonyo, najua utasoma, maana wanaume husema hawasomi ukurasa huu na wao ndio wa kwanza kuufungua. Kijana, kama uliumia sema niliumia. Usiseme bomoa. Uchumba si waya wa kuchomoa ukutani kila ukikasirika, na wazee wa watu hawaahirishwi kwa sababu ya hasira ya kompyuta. Baba wa watu amenyoa ndevu!

Basi Lamwaka, sikiliza. Ukumbi huubomoi. Hilo liishe hapa, nisilisikie tena. Kesho mwachie mama yako mdogo maharage, nenda Mengo mwenyewe. Usitume ujumbe, usipige simu, na kompyuta iache nyumbani. Mwombe radhi kwa lile neno la benchi, hilo tu, usichanganye na mengine, wala usianze kumweleza jinsi sheria ilivyoandikwa na jinsi ulivyokuwa na haraka. Mwanamke akianza kueleza, radhi inageuka kuwa kesi.

Akishalainika ndipo mzungumze kazi. Mwambie hao watu wa ukumbini si maadui wa uwanja wake, ndio watakaoujaza. Nani anapata raha ya kumshinda mtu asiyemjua? Vera akishajua kwamba yule Okwir anajigamba, atataka kumtupa kwenye moto mchana kweupe. Tatizo ni kwamba aliyekaa kwenye benchi haoni kinachoendelea ndani. Jengeni ubao mkubwa ukutani mwa ukumbi, muufanye pamoja wewe na yeye, uonyeshe nani anapambana na nani na nani anaongoza. Babra anasema inawezekana, na Babra hanidanganyi. Wewe si unauza Kalerwe? Simama sokoni utazame juu bila sababu, uone kama hutapata wenzako wa kutazama juu.

Jumamosi watu wakishajaa, mtaje Obonyo kwa jina mbele ya wote, sema huyu ndiye aliyejenga ndani, mshike mkono wewe mwenyewe, umpitishe mlangoni akiwa wa kwanza. Kisha umfuate, ucheze, na upigwe hadharani kama unavyostahili. Safari ya kwa baba iko palepale.

*

Kwa wasomaji wangu: Jumamosi haingesubiri gazeti, kwa hiyo majibu hayo nilimsomea Lamwaka kwa simu yalipokuwa bado na wino mbichi. Jumatatu akanitumia ujumbe, na sioni kwa nini niwanyime raha niliyoipata mimi. Huu hapa, kama ulivyokuja:

"Hajati, tumeshinda! Nilikwenda Mengo kama ulivyosema, nikamkuta ameinamia kompyuta ya mtu, hakuinua hata kichwa. Nikamwambia, 'Nilikuacha mlangoni mbele ya watu wako na nikacheka. Nisamehe.' Nikanyamaza, ingawa ulimi ulikuwa unaniwasha. Akaweka bisibisi chini. Akasema, 'Nilidhani hata hukuona.' Mimi nikalia, yeye akanitafutia kiti, mwenye kompyuta yake akaingia akatukuta hivyo akasema atarudi kesho.

"Ubao tumeujenga pamoja, yeye akafanya upande wa seva zake nami upande wa ukumbi. Jumamosi nilimtaja jina, Hajati, na ukumbi mzima ukaandika Obonyo, Obonyo, Obonyo, mpaka skrini haikuwa na nafasi ya neno lingine. Nikampitisha. Tulipogeuka tukaona wote wanatufuata nyuma! Uwanja ulijaa mpaka seva ikalemewa, wengine wakarudishwa ukumbini kusubiri zamu, na huko wakawa wanasoma ubao na kupiga kelele. Obonyo alikuwa ananipigia simu huku anacheka kama mtu aliyechanganyikiwa, 'Nyako, wamejaa! Nyako, daraja limekatika na watu juu yake!' Vera alinisukuma kwenye mto wa moto mbele ya kila mtu. Sijawahi kushindwa nikafurahi kiasi kile.

"Na jana baada ya kanisa Obonyo alikuja kambini, amevaa koti, amekuja na mjomba wake. Nilikuwa bado nafunga kitambaa nilipoambiwa wamefika, nikatoka mbio kwenda getini niwachukue mimi mwenyewe, nisimwache tena asimame hata kidogo. Askari wa zamu alikuwa anamuuliza mwenyeji wake ni nani. Lakini nilichelewa, Hajati. Baba alikuwa amenitangulia. Sajenti mzima, amevaa sare yake ya sherehe na viatu vinang'aa, ameshamshika Obonyo mkono, anamwambia yule askari, 'Huyu ni yangu. Mimi mwenyewe nakuja kuchukua yeye.'"